Zile Ndiyo Mbili

Papa Sifa,

Jumamosi hii watu wanakuja kutoa mahari ya Sifa wako, na kiti chako nimepewa mimi.

Mama Sifa alikuja mwenyewe kuniambia, kwa miguu, toka Murara mpaka kwangu Katoyi. Alikataa chai. Akasema: "Bosco, papa ya Sifa hayuko. Baba zake badogo babakia Masisi, njia imefungika. Ni weye utakaa mbele. Bakwe bakisema, ni weye utasikiliza, ni weye utajibu."

Nilikubali haraka, kabla hajamaliza. Alipoondoka nikabaki nimekaa palepale kwenye benchi, kwa sababu katika yote aliyoniomba liko moja nisiloliweza, na ndilo kubwa. Kusikiliza. Muzee, mimi sisikii tena. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki nusu. Nimepima. Esperansi akisimama hatua tatu upande wa kushoto, naona midomo inacheza tu. Upande wa kulia ninamsikia mpaka hatua sita, ikiwa watoto wamenyamaza, na katika nyumba yangu watoto hawanyamazi. Esperansi mke wangu ndiye peke yake anayejua. Wengine wote nimewaficha, kama wewe ulivyotuficha sisi.

Ndiyo maana ninakuandikia. Sijui kama Jumamosi nifiche au niseme. Na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza, ni wewe tu uliyewahi kukaa mahali hapa nilipo, na mimi na wewe hatukusemeshana miaka tisa, mpaka ukafa. Leo ni miaka miwili tangu tukuzike. Nilikuja kwa mazishi, nikasimama nyuma na wale wa mwisho, nikaondoka kabla ya kunawa mikono. Ulinikosea, ndivyo nilivyojua. Ninaomba unisikilize mpaka mwisho. Huko uliko nadhani masikio yamerudi.

Unakumbuka siku niliyofika kwako? Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeshuka toka Masisi na shati moja, papa yangu amekwisha kufa, natafuta kazi yoyote. Ukanitazama mikono, hukunitazama uso. Ukasema, "Uyu anaweza kubeba." Nikabeba. Magunia ya kosete, ile mihogo mikavu, mahindi, mtama, ngano kidogo wakati wa Noeli. Wanawake walikaa kwenye foleni na mabeseni yao mpaka barabarani, moshi wa mashini ya kusaga unawapiga machoni, na bado walicheka. Wewe ulikuwa mweupe toka kichwa mpaka viatu, kope nyeupe, nywele nyeupe, ukasema, "Hapa kwangu kila mutu anazeeka siku ya kwanza."

Kuongea hakukuwezekana, tuliongea kwa vidole. Vidole viwili, unga laini. Ngumi, unga wa nguruwe. Kiganja kikipinduliwa, mama huyu bado hajalipa. Saa sita ulizima mashini tule, na kimya kile kilikuwa kikubwa hadi mtu anapepesuka. Masikio yetu yakaanza kuvuma. Ukaniuliza kwa sauti kubwa, "Nyuki bamerudi kwa muzinga?" Nami nikajibu kwa sauti kubwa zaidi, "Bamerudi, Muzee!" Tukala maharage na bugali huku nyuki wetu wanaimba, na tuliona ni jambo zuri, kama vile mkulima anavyoona matope kwenye miguu yake. Ni alama ya kwamba umefanya kazi. Asubuhi walikuwa wameondoka. Mwaka wangu wa tano kwako hawakuondoka. Nikadhani nimezoea kazi.

Ninatamani siku zile, sitasema uongo. Ninatamani hata ule moshi. Unavyojua, leo mimi nina mashini tatu, za umeme, na kibanda chenye saruji chini. Nilivipata mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Lakini sijawahi kula chakula kitamu kama kile cha saa sita kwenye kibanda chako juu ya mawe meusi ya volkano, tunapigiana kelele kama wendawazimu wawili.

Na ule mkono wako! Wageni walikuja kuutazama. Mashini ikiwa inakwenda, uliweka kiganja juu ya tumbo lake la chuma, ukafumba macho, halafu unasema, "Ninaisikia. Nyundo moja imelegea." Tunafungua, kweli nyundo moja imelegea. Au, "Ninaisikia. Iko jiwe." Tunafungua, jiwe liko. Sikuwahi kujiuliza chochote. Katika lugha yetu mtu anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia harufu ya sombe inayopikwa nyumba ya tatu. Basi nikaona ni kawaida fundi asikie kwa mkono. Niliuiga mkono huo. Niliwafundisha watu wanne mkono huo, nikawaambia ni siri ya muzee wangu.

Nilikuletea kaske ya masikio, na kofia ya motari wa pikipiki tunaiita vilevile, kaske. Niliiona kwa mtu aliyekuwa anavunja lami barabarani, nikaitafuta kwenye mitumba ya soko la Virunga wiki tatu, nikakuletea kwa furaha. Nilikuambia tu, "Muzee, nimekuletea kaske." Ukaishika, ukaigeuza, ukacheka mpaka wanawake wa foleni wakacheka bila kujua kwa nini. "Kaske? Miye niko motari? Nibebe nani, hii mashini?" Nilipokuonyesha kwamba ni ya kuziba masikio, ukaacha kucheka. Ukasema, "Mutu wa kusaga akiziba masikio, njo sawa shoferi amefunga macho." Ukaitundika kwenye msumari, ukaipa kazi ya kushika funguo.

Hapo Muzee nina kinyongo na wewe, na leo ninakitoa. Wakati ule nilikuwa bado ninasikia vizuri. Ungeniambia neno moja. Ungeniambia, "Bosco, vaa, mimi nimechelewa." Badala yake ulinipa methali, nikaibeba methali kama nilivyobeba magunia. Na jambo la kuchekesha ni kwamba vinywa vyetu tulivifunga! Kila asubuhi kila mmoja alijifunga kitambaa mdomoni na puani, sababu vumbi la unga linaleta kikohozi, hilo kila mtu alilijua. Tulifunga midomo vizuri kabisa, tukaacha masikio wazi.

Kitambaa hicho ndicho kilichotuachanisha.

Ilikuwa Alhamisi, mashini inakwenda, foleni ndefu. Nilikusogelea, nikakushika bega, nikapaza sauti mpaka koo likauma: "Muzee, Jumamosi ninaenda kuposa kwa Esperansi! Papa yangu hayuko! Ni weye utanisemea!" Ulinitazama usoni. Nilikuwa na kitambaa changu mdomoni. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Ndiyo, ndiyo," ukanipiga bega, ukarudi kwenye mashini. Mimi nilifurahi hata nikamwaga nusu beseni ya mtu.

Jumamosi sisi tulikaa kule kwao Esperansi toka saa nne. Saa tano. Saa sita. Kila mtu akipita mlangoni nasimama. Mjomba wake mmoja, ambaye hata leo simpendi, akasema mbele ya watu, "Uyu mukwe wetu alianguka toka mbinguni? Hana ata muzee moja wa kumusemea?" Wakacheka. Mwishowe jirani yangu, fundi wa viatu, alijitolea akanisemea, naye hakujua hata jina la kijiji chetu. Nilimpata Esperansi, namshukuru Mungu. Lakini aibu ile niliimeza nzima kama jiwe.

Nilijieleza hivi: huyu muzee ameona haya kumsemea mtu wa kuokota. Jumatatu nilikuja, nikakukuta unasaga, nikaweka funguo mezani, nikasema kwa kitambaa changu kilekile, "Ninaenda, Muzee. Sitarudi." Ukajibu bila kugeuka vizuri, "Ndiyo, ndiyo."

Basi nikaenda.

Mara moja baada ya hapo nilikukuta soko la Virunga, uko mbele yangu unapima maharage. Hasira ilikuwa imeshuka kidogo. Nikasema, "Jambo, Papa Sifa." Hukugeuka. Nikasema tena. Ukalipa, ukaenda zako. Watu waliokuwa hapo wakasema, "Tangu ana mashini, ule muzee amejivuna." Nami nikaapa sitakusalimu tena. Kumbe ni watu haohao, mwaka ule risasi zilipolia mtaani na kila mtu akalala chini, walioona wewe unaendelea kusaga umesimama wima, wakakupa jina Komando. Hakuna aliyejumlisha mambo haya, hata mimi ninayejisifu kwa hesabu.

Sasa nikuambie jinsi nilivyojua. Miezi minne iliyopita mtoto wetu wa mwisho alishikwa na homa. Esperansi alinijia kwenye mashini, akaniambia mtoto anatetemeka, tumpeleke. Nikamwambia, "Ndiyo, ndiyo," nikaendelea kusaga. Akampeleka peke yake mgongoni. Jioni alikaa mbele yangu, hakulia. "Bosco, weye unanizarau?" Nikaapa kwamba hakuniambia kitu. Kesho yake alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwa daktari wa masikio.

Walinifungia katika chumba kidogo, wakaniwekea kaske, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilibonyeza mara chache, halafu nikangoja waendelee. Nikangoja. Muuguzi akafungua mlango, akaniambia tumemaliza. Alikuwa mwanamke mzee kuliko mimi, hana haraka. Akanionyesha mstari kwenye karatasi, unaanza juu halafu unashuka kama mteremko wa Sake. Akaniambia kelele imeua ndani ya sikio vitu vidogo kama nywele, na vile havioti tena. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kilichokwenda kimekwenda. Halafu akasema, kana kwamba anaongea na mwingine: "Batu ya kusaga ninabajua. Mbele ya kukubali kama habasikie, banajifunza kusema ndiyo. Tena banaisemaka mara mbili."

Papa Sifa, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali, jua linanipiga utosini, Esperansi ananiuliza kuna nini. Nilikuwa ninakusikia. Ndiyo, ndiyo. Ndiyo, ndiyo. Miaka kumi na moja nimekuchukia kwa sababu ya sentensi ambayo haikukufikia.

Nilikwenda kwa Mama Sifa wiki hiyohiyo. Yangu sikumwambia, nilimuuliza ya kwako tu. Akasema ulianza kutosikia Sifa akiwa darasa la pili. Nikapiga hesabu palepale. Sifa ana miaka ishirini na mitano, darasa la pili alikuwa na saba, basi ni miaka kumi na minane. Mimi nilikuacha miaka kumi na moja iliyopita, baada ya kukaa kwako saba. Kumi na moja na saba ni kumi na minane. Mwaka niliofika, wewe tayari ulikuwa husikii. Sikuwahi, hata siku moja, kukutana na Papa Sifa anayesikia. Ulinisoma mdomoni wakati wa kula, na wakati wa kazi ulinisoma vidole. Na mkono ule haukuwa siri ya ufundi. Ulikuwa umebaki na mkono tu.

Nikaendelea na hesabu, unanijua. Saa kumi kwa siku, siku sita kwa juma, juma hamsini kwa mwaka: saa elfu tatu. Mama Sifa anasema masikio yalipokufa ulikuwa umesaga miaka kumi na mitano. Elfu arobaini na tano. Mimi, saba kwako ni elfu ishirini na moja. Kwangu ninasaga saa nane, ni elfu mbili na mia nne kwa mwaka, mara kumi na moja, elfu ishirini na sita na mia nne. Jumla elfu arobaini na saba na mia nne. Nimekupita, Muzee.

Nilimuuliza kwa nini ulificha. Akasema uliogopa watu watasema fundi amekuwa kiziwi, watapeleka mihogo yao kwingine. Hata kwaya uliiacha kwa sababu hiyo, ukawaambia ni kifua. Unajua nasi tunavyosema: mtu mkaidi, "hasikii." Mtoto mtukutu, "hasikii." Nani anataka kuitwa hivyo na ndevu zake? Halafu akaniambia jambo ambalo bado linanikata. Kwamba kila Bonane, siku ya mwaka mpya, mkimaliza kula, ulimuuliza: "Juu ya nini Bosco alienda bila kuniaga?" Miaka tisa, mara tisa. Jibu nilikuwa nalo mimi, Katoyi, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Nisamehe. Nami nimekusamehe ile methali. Karibu yote.

Nikupe habari za mashini yako. Sifa ndiye anayesaga sasa, na foleni yake ni ndefu kuliko yako. Wengi ni wale waliotoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, wanaleta kidogokidogo, kilo mbili, kilo tatu, naye hawafukuzi. Nilimpelekea kaske mbili mpya. Akaniambia, bila kujua kwamba anarudia maneno yako, "Nikiziba masikio, mashini nitaisikia na nini?" Nikamshika mkono, nikauweka juu ya lile tumbo la chuma. Macho yakamtoka. "Papa Bosco! Inatetemeka mbaya upande uyu!" Tukafungua. Chekeche lilikuwa limepasuka. Kumbe muda wote ule tungeweza kuziba masikio na kusaga vizuri. Ulikuwa na dawa kiganjani, ukaitumia kuficha ugonjwa. Sasa anasaga saa mbili, anapokezana na mwenzake saa mbili, na moteri tumeitoa nje, nyuma ya ukuta wa mawe. Mimi kwangu nimefanya vilevile. Nusu hii iliyobaki ninaitaka.

Inabaki Jumamosi. Wiki nzima nimefanya mazoezi kwa siri ya kusoma midomo, Esperansi ananisemea maneno bila sauti, mimi ninabahatisha. Jana alisema, "Ng'ombe saba." Nikajibu, "Ndiyo, ndiyo, karibuni ndani." Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta machozi akasema, "Bosco, utamutoa mutoto ya batu na ndiyo yako."

Nikavaa viatu. Nilikwenda kumtafuta msemaji wa upande wa mukwe, muzee mmoja fundi wa mbao, mtu wa Bunagana, sikuwahi kumwona. Nilimkuta kwake anapanga mbao. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia, "Papa, mimi njo nitasemea Sifa. Nimekuja kukuambia kama sisikii muzuri." Akaweka mkono nyuma ya sikio lake. "Unasemaje?" Nikarudia. Akaweka mkono nyuma ya sikio la pili. "Ati nini?" Nikarudia kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Basi alipoelewa, aliangusha ubao aliokuwa nao, akanikumbatia. Mashini ya kuranda mbao, akasema, makumi mbili na ine ya miaka. Na yeye alikuwa hajamwambia mtu. Na yeye hakulala wiki nzima anaogopa Jumamosi. "Tutakaa magoti kwa magoti," akasema. "Tutapigiana makelele. Batu batazania tunagombana, baanze kutuamua!"

Kwa hiyo nimeshaamua, Muzee. Hukuwahi kupata mtu wa kumwambia, mimi nimempata, na nitafanya kwa niaba yetu wawili. Nisiposikia nitasema sijasikia. Nitasema mara kumi kama itabidi mara kumi, na atakayecheka, acheke. Sifa hatatolewa kwa neno ambalo sikulisikia.

Na kabla ya yote, kabla ya soda na kabla ya maombi, nitasimama na kutaja jina lako, kwamba ninakaa mahali pa Papa Sifa, fundi wa kusaga wa Murara, aliyenifundisha kazi. Sijui nitalitaja kwa sauti ya kiasi gani. Sauti yangu mwenyewe siipimi tena. Esperansi ananiambia mimi nikiongea siku hizi, wanasikia mpaka barabarani.

Basi wasikie.

Ulale kwa amani, Muzee. Safari hii ninakuaga.

Mutoto yako,
Bosco